Ulimi wa Twiga wa Mzee Kioko

Nyinyi mnaokuja kusaga mahindi kwangu mmeniuliza mara nyingi Nairobi kulitokea nini. Kila mara mashine inanguruma, mimi napiga kelele, nyinyi mnasikia nusu, halafu nusu hiyo mnaenda kuitangaza Masii nzima. Juzi nimesikia eti nilishikwa na askari nikimfukuza mke wa mtu Lang'ata. Haya basi. Leo mkanda wa mashine umekatika, fundi ameenda Machakos kutafuta mwingine, na niko na daftari la mtoto lenye kurasa zilizobaki. Nitawaandikia safari yote, kituo kwa kituo, mtu asinitilie chumvi tena.

Asiyetujua nimweleze kidogo. Mke wangu ni Ndinda. Mama yake ni mjane wa Mzee Kioko, mchongaji wa vinyago kule njia ya Wamunyu. Mzee alichonga twiga. Hakuchonga ndovu wala kifaru, alichonga twiga tu. Yeye anachonga, mama mkwe anapiga msasa na kung'arisha kwa rangi ya viatu, mzigo unakwenda kwa wanunuzi. Miaka yake ya mwisho Mzee akaanza kuchonga twiga aliyetoa ulimi nje, ulimi mrefu, na kuupaka rangi nyeusi. Alisema akiwa kijana alimtembelea rafiki yake aliyekuwa mlinda lango la mbuga kule Lang'ata, twiga akainamisha kichwa juu ya ua, akamlamba mkono. Ulimi ulikuwa mweusi tii, urefu wake kutoka kiwiko mpaka vidole.

Mliocheka mnajijua. Mimi nilicheka kuliko nyinyi wote, tena hapa hapa kinuni. Nilisema twiga wa baba mkwe amekunywa wino. Maneno hayo yalipita maduka yote mpaka yakafika kwake. Aliendelea kuchonga, na mwaka uliofuata akafariki.

Basi baada ya matanga kuisha na mvua kupita, mama mkwe akatuma neno kwa Ndinda: anataka kwenda Nairobi kumtazama twiga kwa karibu, na anataka apelekwe na Ithe wa Mumo, yaani mimi, baba yake Mumo. Ndinda akajitolea kumpeleka yeye. Mama akakataa. Nilishangaa sana, kwa sababu mimi na yeye tuna nthoni. Kwetu Ukambani hiyo ndiyo heshima ya mwanaume na mama mkwe wake: hamketi kiti kimoja, hamli mbele ya macho ya mwenzako, hamtazamani usoni, na mkikutana njia nyembamba mmoja anaingia kichakani. Wengi siku hizi wamelegeza. Mama mkwe wangu hajalegeza kamba hata kidogo. Miaka kumi na mitano nimemwoa binti yake, na nilichokijua kwake ni sauti, ncha ya leso, na viatu.

Masii mpaka Machakos

Tulipanda basi la asubuhi. Mama mkwe alikuwa ameshika kiondo kifuani, na miguuni raba nyeupe mpya ambazo Ndinda alimnunulia kwa ajili ya safari. Mimi macho yangu yakashika zile raba. Nikajiambia, Musyoka, hizo raba zisikupotee na kila kitu kitakuwa sawa.

Makanga akatuona tumetoka pamoja, akatupangia kiti cha watu wawili. "Mzee, kaa hapa na mathe, kuna nafasi safi!"

Mama mkwe akasimama kama ameketi kwenye siafu. Mimi nikawa tayari nimeruka mpaka mlangoni. Watu wakageuka. Makanga akakasirika, akauliza kama tunapanda au tunacheza. Ndipo mwanaume mmoja wa makamo, amevaa kofia nyeupe ya kufumwa na kanzu, akasogea dirishani akasema kwa upole, "Mama, njoo ukae hapa mbele. Mimi nitakaa nyuma yako, na huyu bwana akae nyuma yangu. Yamekwisha."

Huyo alikuwa Bwana Salimu, mwuza vitambaa wa mjini Machakos, aliyekuwa ametoka kukusanya maagizo Masii. Amezaliwa Machakos lakini kwao ni pwani, na Kiswahili chake kilinifanya nione haya kufungua mdomo. Alidhani tumegombana. Aliniinamia akaninong'oneza, "Huyu mama mmekosana nini? Safari ni ndefu, mwombe msamaha."

Nikamweleza ni mama mkwe. Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Subhanallah! Mimi mama mkwe wangu akipika samaki ananipa kichwa kwa mkono wake, tena nikiacha hata jicho ananigombeza."

"Bwana Salimu, wewe usinieleze hayo mambo," nikamwambia. Kusikia tu, jasho lilinitoka.

Lakini Mungu ambariki, alituhudumia. Tulipokuwa tunapanda kuelekea Machakos, mama mkwe alifungua kiondo akala muthokoi wake, mimi nikatazama nje kwa bidii. Alipomaliza akafunga bakuli la pili kwa kitambaa, akamnyooshea Salimu bila kugeuka. "Mpe yule wa nyuma." Salimu akanipa. Nikala nimejikunja chini nyuma ya kiti. Mahindi yalikuwa laini, maharagwe yamekolea kitunguu, na nilitamani kumwambia asante. Nikamwambia Salimu amwambie. Salimu akamwambia. Akajibu kwa Salimu kwamba chumvi ilikuwa kidogo. Hivyo ndivyo tulivyozungumza kilomita nyingi.

Pale Machakos Salimu akashuka. Alimuaga mama kwa heshima, kisha akanishika bega. "Sasa nani atakuwa daraja lenu?"

Nikamwambia Nairobi naijua vizuri. Niandike ukweli: nilikuwa nimefika Nairobi mara tatu, na mara mbili kati ya hizo sikutoka nje ya stendi.

Machakos mpaka Athi River

Tuliposhika barabara kuu ya Mombasa mbuga ikafunguka. Mimi nimezaliwa vilimani, macho yangu yamezoea kugonga kitu. Pale hayagongi. Nyasi za rangi ya mkate zinakwenda mpaka zinakutana na mbingu, na katikati kuna pundamilia kwa makumi, na kongoni wamesimama tu, hawana habari na lori wala basi. Nilisahau kufunga mdomo. Nilijiuliza hii yote imekuwa hapa siku zote, saa moja kutoka kinuni kwangu, na mimi nasaga mahindi?

Ndipo mtoto mmoja akapiga kelele, "Twiga! Twiga!"

Walikuwa upande wa kushoto, mbali kidogo, wanne. Walikuwa wakitembea, lakini ile si kutembea kama mnyama mwingine. Ilikuwa polepole, shingo zikienda mbele na kurudi, mpaka unasikia aibu kwa kuwa mfupi. Nikamkumbuka mama mkwe: ameketi kulia, upande wa vilima vya Lukenya, na basi zima limesimama kushoto kuziba madirisha.

Nifanye nini? Siwezi kumshika mkono. Siwezi kumwita. Nikamwambia mwanamke aliyekuwa karibu, "Tafadhali msogeze huyo mama wa leso ya kijani aone." Kufikia yule mwanamke kuelewa, na watu kupisha, na mama mkwe kufika dirishani, twiga walikuwa vijiti vinne nyuma yetu. Aliwatazama. Kisha akasema kwa sauti, akiambia dirisha, "Hata ningewaona, ulimi hauonekani kutoka hapa."

Akarudi kukaa. Hapo ndipo nilipojua kwamba safari hii haikuwa ya kutembea. Alikuwa anakwenda kumkagua mumewe, kama alisema kweli au alidanganya. Na mimi wa wino nilikuwa nimekaa viti viwili nyuma yake.

Stendi mpaka katikati ya jiji

Tulishuka ile stendi ya Nairobi yenye jina letu, ile watu huita Machakos Airport kwa mzaha. Kelele, moshi, magunia ya maembe, kuku wamefungwa miguu, wahubiri wawili wakishindana. Mama mkwe hakutishika. Alikaza leso, akasubiri niongoze.

Sasa sikilizeni ugumu wenyewe. Mwanaume akitangulia, mama mkwe anafuata kwa mbali, na yeye mwanaume haruhusiwi kugeuka geuka kumtazama. Kijijini hilo halina shida, njia ni moja. Nairobi kila hatua ishirini kuna kona. Nikaona bora nimpishe atangulie, mimi nitafuata raba, na nikitaka apinde nitakohoa mara moja kwa kushoto, mara mbili kwa kulia. Nilituma habari hiyo kwa mwuza njugu, akamwambia. Mama mkwe akaitikia kwa kichwa.

Na ilifaa! Tulitembea hivyo mitaa minne. Mimi nakohoa, raba zinapinda. Watu waliokuwa karibu walinihurumia kifua. Na katikati ya kukohoa nilikuwa nikitazama juu, kwa sababu ni nani angeweza kutotazama? Majengo yale ukihesabu madirisha unachoka kabla ya kufika juu. Na mabasi! Mabasi makubwa ya jiji yalikuwa yamepangana foleni, kila moja na namba kwenye paji la uso, na watu wanapanda bila kuuliza, kwa sababu namba inatosha. Hiyo ilinishangaza kuliko majengo. Kwamba mtu anaweza kuketi chini ya namba tu, na hiyo namba impeleke mpaka msituni kwa twiga, arudi jioni nyumbani kwake. Ndinda alikuwa ameuliza kwa mwalimu wa shule, akatuandikia: basi namba ishirini na nne, Lang'ata, mpaka pale watu wanapolisha twiga kwa mkono.

Kuvuka barabara moja kubwa watu walikuja kama mafuriko, na raba zikapotea. Sekunde tano, sita. Halafu nikaziona ng'ambo, nyeupe, zinapanda basi mlango wa nyuma. Nikatazama juu ya basi haraka, nikaona neno LANG'ATA. Namba sikusoma. Nikaruka ndani nikiwa nashukuru.

Basi namba kumi na tano

Raba zilikuwa mbele, viti vitatu kutoka kwangu, chini ya kiti. Nikakaa nimezitazama kwa heshima. Basi likapita uwanja mkubwa wa mpira, likapita kiwanja cha ndege ndogo, moja ikatua karibu nasi nikainama kabisa. Nilifurahi kwamba mama mkwe anaona hayo yote. Nilitamani tungekuwa na Salimu katikati.

Basi likaingia mtaa wa nyumba, nyumba za mawe zilizofanana zote, maua kwenye ua, nguo kwenye kamba. Raba zikashuka. Nami nikashuka. Nilishangaa kidogo kwamba twiga wanakaa kati ya nyumba, lakini Nairobi ni Nairobi. Raba zikapinda kona, nami nikapinda. Zikaingia kijia kati ya nyumba, nami nikaingia. Nikakohoa mara moja. Raba zikaongeza mwendo. Nikakohoa mara mbili.

Raba zikasimama na kugeuka.

"Wewe mwanaume! Tangu steji unanifuata unanikoholea! Ni nini?"

Nikainua macho. Mbele yangu alikuwa mama mmoja mrefu, mnene, na hasira zake zilikuwa karibu kabisa na uso wangu. Alikuwa na mfuko wa sukuma wiki mkononi na alikuwa tayari kuutumia. Milango miwili ikafunguliwa. Vijana wawili wakatoka. "Niaje, Mama Akinyi, huyu ni nani?"

Jamani! Nilieleza kila kitu kwa mfululizo: mama mkwe, nthoni, raba, kikohozi, twiga, ulimi. Vijana walianza kucheka katikati. Mama Akinyi hakucheka. Aliniuliza swali moja.

"Sawa. Huyo mama mkwe wako anafanana aje? Tumtafute."

Nikafungua mdomo. Hapakuwa na kitu. "Amevaa leso ya kijani," nikasema.

"Leso za kijani ni elfu. Uso wake? Ni mweupe, ni mweusi? Meno ako nayo? Alama yoyote?"

Nikasimama pale kijiani kati ya nyumba za watu, mwanaume mzima, na sikujua. Miaka kumi na mitano amenilisha, alikaa na mke wangu hospitali watoto wangu wote wakizaliwa, amenizikia baba yangu kwa kulia, na mtu ameniuliza ana uso gani nimeshindwa. Machozi yalinilenga, nisiwadanganye. Nairobi iliyokuwa ikinifurahisha saa moja iliyopita ikawa kubwa vibaya. Simu hakuna, nani hapa ana simu ya kutembea nayo? Yeye Kiswahili chake ni maneno machache. Na basi letu la kurudi linaondoka saa kumi.

Mama Akinyi akashusha mfuko wa mboga. "Kwetu pia kuna heshima ya mama mkwe," akasema, na sauti yake ikawa nyingine. "Lakini si ya kukoholea watu. Anajua anakoenda?"

"Anajua kwamba ni kwa twiga."

"Basi usimtafute mjini. Mama akitaka kitu anakifuata. Enda kwa twiga."

Akanipeleka mwenyewe mpaka barabara kuu, akanisimamishia basi, akanionyesha namba kwa kidole kabla hajaniachilia. Ishirini na nne. Na akanitia andazi la moto mkononi, eti mwanaume mwenye njaa hana akili.

Basi namba ishirini na nne, kisha kwa miguu

Upande mmoja wa barabara ile kuna ua wa mbuga ya wanyama ya jiji, na nyuma ya ua ni msitu mtupu, giza la kijani, na ukigeuza kichwa unaona majengo yale marefu kwa mbali. Simba na ofisi vinaonana. Siku nyingine ningepiga kelele ya furaha. Siku hiyo nilikuwa naomba tu.

Nikamwuliza kondakta kama amembeba mama wa leso ya kijani na raba nyeupe. Akanitazama juu hadi chini.

"Mathe wa twiga?"

"Twiga gani?"

"Kuna mathe alipanda trip yangu iliyopita. Hakusema kitu. Ametoa twiga wa mbao kwa kiondo, amenionyesha, amekaa. Basi lote lilimwelekeza. Nimemshukisha pale kona, kuna msichana wa koleji amempeleka." Akacheka. "Twiga mwenyewe ako na ulimi nje, buda. Mweusi!"

Sikujua kwamba bado kuna mmoja. Nilidhani wote waliuzwa. Kumbe mama mkwe alikuwa amembeba kifuani safari yote, chini ya bakuli za muthokoi, na alipoona mkwe wake mjuzi wa Nairobi amepotea, alimtoa mumewe amwonyeshe njia.

Nilishuka kwenye kona nikatembea ile barabara ya vumbi jekundu, miti mikubwa imekutana juu, baridi, kimya, nyumba zimejificha nyuma ya ua wa michongoma. Nilikimbia sehemu nyingine. Na mbele ya lango, kwenye jiwe, nikaona raba mbili nyeupe zimekaa sambamba.

Nikasimama mbali kama inavyopasa, nikatazama chini. Nilikuwa nahema.

"Umechelewa," mama mkwe akasema, akiambia lango.

"Nimepotea, mwaitu." Mwaitu ni mama.

"Najua. Nilikuona ukipanda lile basi. Niliita. Ulikuwa unatazama chini."

Nilitaka ardhi inimeze. Mlinzi wa lango, kijana mpole, akaniambia huyu susu, yaani nyanya, amekaa hapo zaidi ya saa mbili, amekaribishwa ndani akakataa, amepewa maji, amekataa kuingia kabisa. Nikamwuliza mlinzi amwulize kwa nini. Mama mkwe hakungoja daraja. Akanijibu mwenyewe.

"Nikiingia peke yangu nani ataniamini? Watasema ni mke anatetea mume wake. Ndinda, watasema ni mtoto. Wewe ulicheka. Wewe Masii nzima ilikusikia. Ndiyo sababu nilitaka wewe."

Tukaingia.

Juu ya jukwaa

Kuna jukwaa la mbao limejengwa juu, ngazi zake kadhaa, ili mtu awe sawa na kichwa cha twiga. Mama mkwe alipanda akishika ukuta. Mimi nikabaki ngazi ya chini.

Halafu akaja. Siwezi kuwaeleza vizuri na daftari linaisha. Kwanza niliona mwili kati ya miti, madoa yanatembea, na yanaendelea kuja na kuwa makubwa mpaka nikajua kwamba nilichodhani ni mti wa tatu ni mguu. Hakuna kishindo. Mnyama mkubwa kiasi hicho na hasikiki. Kichwa kikafika jukwaani, kikubwa, kope ndefu kama za bibi harusi, macho meusi yana maji, akamtazama mama mkwe kama wanajuana. Nywele zilinisimama mwilini. Mzungu mmoja na watoto wake walikuwa karibu, hata wao wakaacha kupiga picha.

Mhudumu akampa mama chakula kile kidogo kidogo mkononi. Akanyoosha mkono. Nilikuwa nauona, mkono wa msasa, vidole vimekwaruzwa.

"Ithe wa Mumo," akaita. "Panda."

"Mwaitu, siwezi kuja hapo."

"Panda! Wakikuuliza ulikuwa karibu utasema nini? Panda usimame hapa."

Nikapanda. Nikasimama kando yake, bega kwa bega na mama mkwe wangu, na mbingu haikuanguka. Twiga akafungua mdomo. Ukatoka ulimi, ukaendelea kutoka, ukaendelea, ukajisokota kwenye kifundo cha mkono wake na kuokota kile chakula punje kwa punje.

Ulikuwa mweusi. Mweusi wa zambarau lililoiva, tii, kutoka kiwiko mpaka vidole.

Mama mkwe alitoa yule twiga wa mbao akamsimamisha juu ya ukuta, wawili wakawa uso kwa uso, na ulimi ni ule ule, hata jinsi ulivyopinda ncha. Kisha akaanza kusema polepole, na hakuwa anasema na mimi.

"Wale wa ulimi walikuwa wanarudishwa na wanunuzi. Nikawa nikipiga msasa naukata. Kila twiga namkata ulimi kabla mzigo haujaondoka. Alikuwa ananiona. Hakusema hata siku moja. Kesho yake anachonga mwingine na ulimi, ananipa." Akafuta mkono uliolambwa kwenye leso. "Huyu ni wa mwisho. Alifariki sijafika kumpiga msasa."

Nikamwambia, "Mwaitu, mimi ndiye nilisema wino."

"Najua ni wewe," akasema. "Nitazame, ukasimulie vizuri."

Nikageuka, nikamtazama.

Kurudi

Basi la saa kumi tulilipata. Alikaa mbele, nikakaa viti viwili nyuma, nthoni yetu imerudi mahali pake. Pale mbugani watu waliita tena twiga, twiga, na upande huu ulikuwa wake. Hakuona. Alikuwa amelala, kiondo kifuani, kichwa cha mbao kimechungulia nje, ulimi wake mweusi ukionekana na basi lote.

Sasa mmejua. Askari hakunishika, na yule mwanamke anaitwa Mama Akinyi na nina deni la andazi kwake. Mama mkwe wangu ni mweusi wa kung'aa, ana meno yote isipokuwa moja la pembeni, ana macho ya Ndinda, na chini ya jicho la kushoto ana kovu dogo la kipande cha mbao kilichomrukia akifanya kazi na mumewe. Nimeliona nikiwa nimesimama karibu kama nilivyo karibu na daftari hili.

Na ulimi wa twiga ni mweusi. Mzee Kioko hakudanganya. Nilicheka mimi, na ninasema mimi.